Mkoba wa Mifuko Saba

Siwezi kununua mkoba bila kuupindua ndani nje. Wauzaji wamenizoea. Wakiniona naja, wengine husogeza nyuma ile ambayo kitambaa cha ndani kimebandikwa kwa gundi, maana wanajua nitakivuta kidogo pembeni, nitakiachia, halafu nitamwuliza mwenye mali kama yeye angemvalisha mwanawe kitu kama hicho. Juzi nilikuwa nimeshika mmoja wa kijana wangu anayeanza sekondari, mkono umezama mpaka kona ya chini, na harufu ikanipanda puani: kitambaa kipya chenye wanga, mafuta ya cherehani, na unyevu kidogo wa mvua. Muuzaji akaniuliza kama nimepata tundu. Nikamwambia hapana, natafuta tu. Nilitafuta mara mbili, kama kawaida yangu, na mara zote mbili sikukuta kitu katikati ya kitambaa cha ndani na cha nje. Nikashusha pumzi kama mtu aliyesikia mgonjwa wake ameamka.

Mliokulia upande wetu wa ziwa mnaujua msimu ninaousema hata nisipoutaja. Ni ule ambao wakubwa walisema kwa sauti ndogo mbele yetu, wakidhani sauti ndogo haifiki kwa watoto. Inafika. Tena inafika bila maelezo, na mtoto hujaza maelezo mwenyewe.

Baba alikuwa fundi wa nguo Kilibula. Cherehani yake, ambayo yeye aliita mashini, ilikaa barazani kwetu chini ya bati, ikitazama njia, ili kila apitaye aone kwamba fundi yupo na anafanya kazi. Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza, miaka kumi na mmoja. Nyuma yangu alikuwapo Bahati, miaka saba, kisha Neema, minne. Kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa Baba, kazi yangu baada ya shule ilikuwa kuandika vikaratasi. Mteja akileta kitambaa, naandika jina lake na namba ya simu yake, Baba anakibana kikaratasi kwa pini kwenye pindo. Nguo ikiisha, inakunjwa, inapangwa kwenye rafu, inangoja mwenye jina aje kuichukua.

Sheria za barazani zilikuwa mbili, na Baba alizisema mara nyingi kuliko sala. Ya kwanza, kitu ambacho hakijaisha hakitoki. Ya pili, nguo ni ya yule aliyeandikwa. Fundi anaweza kuishona wiki nzima, anaweza kuipenda, anaweza hata kuipiga pasi mara tatu kwa ajili ya kuitazama tu. Mwenye jina akija, anaikabidhi na kusahau. Nilimwona akifanya hivyo mamia ya mara. Nilidhani moyo wake ndivyo ulivyoumbwa.

Halafu watu wakaanza kushuka kutoka Luvungi, wakikimbia mapigano ya bondeni. Kwanza walikuja na pikipiki, magodoro yamefungwa nyuma kama migongo ya pili, kisha wakaja kwa miguu. Walipita mbele ya baraza letu wakielekea kusini au mpakani, na Baba alisimamisha mguu kwenye pedali kila kundi likipita, kama vile mtu anavyonyamaza msiba ukipita. Mtaa wetu ukabadilika pale barazani kabla ya kubadilika kwingine kokote. Hakuna aliyeleta tena kitenge cha gauni. Walileta suruali kuukuu za kazi, mapazia, mifuko ya unga, wakisema, fundi, nikatie sakoshi, yenye mkanda mrefu, nivae hivi, begani mpaka ubavuni, mikono ibaki mitupu ya kubeba mtoto. Ndani ya wiki moja Baba alishona mikoba ishirini na mitatu. Niliihesabu. Nilipohesabu mara ya pili ilikuwa ishirini na minne, kwa kuwa alikuwa ameanza mwingine nilipokuwa nikihesabu.

Zile nguo za zamani, zilizokwisha shonwa, zikabaki kwenye rafu. Wenyewe walikuwa na mambo mengine. Kumi na tisa kwa jumla, na juu kabisa, ndani ya plastiki, gauni jeupe la msichana mmoja wa Nyakabere aitwaye Furaha, aliyekuwa aolewe mwezi ule.

Siku moja nilirudi shule nikakuta Baba amewashonea Bahati na Neema mikoba midogo ya kaki. Nikachukua wa Neema kuutazama. Haukuwa umefungwa bado chini. Ndani, katikati ya nguo ya nje na ile ya ndani, niliona plastiki ya sukari imekunjwa, na ndani ya plastiki kikaratasi chenye mwandiko wa Baba, ule wa kupanda na kushuka kama njia ya mlimani. Neema, Kilibula. Na chini yake, kwa herufi kubwa: Tanti Devota, Bujumbura, na namba ya simu.

Nikatazama wa Bahati. Ulikuwa na kama hicho.

Tanti Devota ni dada yake Baba. Alikuwa ameolewa ng'ambo, ana nyumba ya vyumba vitano, na hakuwa amejaliwa mtoto. Kila alipokuja kututembelea alimpakata Neema mpaka mikono ikafa ganzi, akasema kwa kucheka, kaka, weye uko na watatu, hebu nipe hata mumoja. Na Baba naye alijibu kwa kucheka, ngoja niwamalize kwanza.

Mtoto wa daktari angeona kikaratasi kile akafikiri dawa. Mtoto wa mwalimu angefikiri orodha ya darasa. Mimi nilikuwa mtoto wa fundi, na nilijua kikaratasi chenye jina ni cha nini. Nilielewa palepale, mshono kwa mshono: sisi tumekwisha, tumekunjwa, na mwenye jina ndiye atakayetuchukua.

Jioni ile sikula vizuri. Mama akaniwekea mkono shingoni kuona kama nina homa.

Kesho yake Baba akaniita pale mashini. Alikuwa ametandaza kitambaa kigumu cha buluu, mabaki ya sare za walinzi, na kando yake kipande cha kitenge chenye maua ya njano. Akaniambia bila kunitazama, akipima kwa futi yake:

"Weye utashona yako mwenyewe. Mikono iko, macho iko. Minye nitakuonyesha tu."

Leo najua ilikuwa heshima. Wakati ule niliisikia tofauti. Wale wadogo ameona wanastahili jasho lake; mimi nijikamilishe mwenyewe, nijipeleke. Lakini hapohapo, kwa kuwa nilizaliwa na kichwa cha sokoni, nikaona mwanya. Kama mkoba ni wa kushona mimi, basi siku ya kuisha naipanga mimi. Na kitu ambacho hakijaisha hakitoki.

Baba alinifundisha vizuri, siwezi kumnyima hilo. Mkoba wenye kitambaa cha ndani hushonwa kama mikoba miwili isiyojuana. Unakata wa nje, unakata wa ndani, vipimo vilevile isipokuwa wa ndani unaupunja kidogo, upana wa uzi tu, usije ukavimba ndani kama shavu la mwenye jino. Mifuko unaishona kwanza, kitambaa kikiwa bado bapa mezani, kwa sababu ukishaunganisha pande, mguu wa mashini hauwezi kuingia tena. Kisha unaiweka mikoba miwili uso kwa uso, unashona mdomo kuzunguka, na chini ya ule wa ndani unaacha tundu, upana wa kiganja. Unapitisha mkono kwenye tundu hilo, unavuta, na mkoba wote unatoka humo ukiwa umegeuka, uso wake nje, safi. Mara ya kwanza Baba alipougeuza hivyo mkoba wa mteja mbele yangu nilipiga makofi. Mwisho unaziba tundu kwa sindano ya mkono, mishono ya kujificha, na hakuna atakayejua mlango ulikuwa wapi.

Basi nikaanza na mifuko, na sikutaka kutoka hapo.

Baba alisema mfuko mmoja nje, mmoja ndani, yatosha. Nikasema mitatu nje, miwili ndani. Akacheka kwa pua.

"Mama, hii ni sakoshi ao ni nyumba?"

Aliniita mama alipotaka kunishinda kwa upole, kama wanavyofanya wababa wa kwetu. Nikamwambia mfuko wa kalamu, mfuko wa dawa ya Neema, mfuko wa chumvi, mfuko wa vitu vidogo, mfuko wa vitu ambavyo bado hatujavijua. Tukakubaliana mitano. Nilipomaliza mitano, ambayo niliishona taratibu kuliko konokono mgonjwa, nikadai wa sita, wenye zipu. Zipu haikuwapo. Nikaenda kuitafuta, na kuitafuta kulichukua siku mbili nzuri. Niliipata kwa Mama Zawadi, jirani wa upande wa pili wa njia aliyekuwa akiuza mkaa, kwenye suruali ya marehemu mumewe. Nilimchotea maji ndoo nne kuipata. Alikuwa ametaka sita. Alipokuja kuona inavyoshonwa, alisimama barazani, mikono kiunoni, akamwambia Baba huyu mtoto wako hashoni sakoshi, iko anashona kabati. Baba akamjibu kwamba hata yeye anangoja kuona milango itawekwa wapi.

Mfuko wa saba niliuomba siku ambayo milio ya bunduki ilisikika kwa mara ya kwanza, mbali, upande wa bonde. Baba aliinua macho kutoka kwenye kitambaa. Sikujua alichoona usoni kwangu. Akaniambia sawa, wa saba, na baada ya huo tunageuza. Alikosa tundu la sindano mara tatu alipokuwa akipitisha uzi, na mimi, nilivyokuwa nimejaa hesabu zangu, nikadhani ni haraka ya kutukabidhi.

Usiku niliwasikia wazazi wakisemezana nyuma ya ukuta, na asubuhi nilijua matokeo bila kuambiwa: Mama angevuka nasi, Baba angebaki. Alikuwa amemshonea kila mtu wa mtaa mkoba na hakujishonea yeye. Watu watano nyumbani, mikoba minne. Nilihesabu mara mbili. Mama alimwuliza tena mbele yetu, huku akikunja nguo, atabaki kufanya nini. Baba akaelekeza kidevu kwenye rafu.

"Wenyewe wakija, watakuta nani?"

"Watakuta bati," Mama akasema.

Baba akasema siku mbili tu, tatu, wenye nguo watachukua, naye atafuata. Mama aliendelea kukunja, akafunua kilekile alichokwisha kukunja, akakikunja upya. Nami nikaona ushahidi umetimia. Nguo za watu anabaki nazo. Sisi tunakwenda kwa mwenye jina.

Mchana ule Baba akanikatia kikaratasi, akanipa kalamu. Akasema, niandike jina langu, lake, na la Mama, na chini niandike Tanti Devota na namba yake, akanisomea namba polepole. Wakati huohuo mtu akaingia barazani kuulizia mkoba wake, Baba akageuka. Baba hakuwahi kukagua kikaratasi changu hata kimoja. Kwa miaka yote ile hakuna nguo iliyopotea kwa sababu ya mwandiko wangu.

Niliandika: Sifa. Ni wa Baba. Fundi wa barazani, Kilibula. Na chini, namba ya simu ya Baba, ambayo nilikuwa nimeiandika mara nyingi mpaka kalamu iliijua yenyewe.

Nikakunja, nikatia kwenye plastiki, nikapitisha kwenye tundu, nikaziba. Mishono kumi na minne ya kujificha. Baba akapitisha kidole gumba juu yake, akatafuta mlango, akaukosa. Akasema, "Sasa weye ni fundi." Nilitaka kulia, na sikujua ni kwa furaha au kwa wizi.

Tuliondoka asubuhi iliyofuata kukiwa na manyunyu. Baba alitusindikiza mpaka njia kubwa, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kama siku zote, akashika kichwa cha kila mmoja wetu, akarudi. Hakugeuka. Fundi anakabidhi na kusahau, nikajiambia. Tulikwenda kwa miguu mpaka Kavimvira, penye kizuizi cha mpaka wa Burundi, Neema mgongoni kwa Mama, Bahati mkono wa kushoto, na mimi nimeshika ncha ya kitenge cha Mama kwa amri kwamba niking'oka hapo nitajuta. Mpakani watu walikuwa wengi kiasi kwamba ziwa halikuonekana, na ziwa kwetu huonekana kutoka kila mahali. Kulikuwa na mbuzi, baiskeli, magunia, mzee mmoja amekaa juu ya toroli kama mfalme aliyechoka. Watu hawakutembea, walisukumwa na waliokuwa nyuma yao.

Kizuizi kikainuliwa. Umati ukavuta. Na mkoba wangu, ambao kwa mifuko saba ulikuwa umevimba pande zote, ukanaswa kwenye usukani wa baiskeli. Ule mfuko wa sita, wenye zipu. Niliachia kitenge kwa nafasi ya kuhesabu mpaka nne, nikaunasua, nikanyoosha mkono, nikashika kitenge. Nilipotazama juu, hakikuwa cha Mama. Mwenyewe alinitazama kwa huruma na kukivuta taratibu.

Nilisikia Mama akiniita mara tatu, kila mara mbali zaidi, kisha kizuizi kikashuka.

Sitawaeleza kelele niliyopiga. Haikuwapo. Umati ukanitema pembeni, chini ya turubai, ambako mwanamke mmoja aliyevaa kizibao cha rangi ya chungwa alikuwa akikusanya watoto waliokosa watu wao. Tulikuwa kumi na mmoja. Aliniuliza jina. Nikanyamaza. Akaniuliza ninakokwenda. Hapo nilinyamaza kwa makusudi: nikisema Bujumbura, nikisema Tanti, nimejikabidhi mwenyewe kwa mdomo wangu.

Yule mama hakukasirika. Alikaa chini, akauchukua mkoba, akaanza kuupapasa kwenye mishono kama mtu anayetafuta mfupa kwenye samaki. Akaniambia, mama zenu wote wana akili moja, karatasi huificha kwenye mshono. Akasikia plastiki ikilia. Akatoa wembe, akafumua mishono yangu kumi na minne kwa mkono mmoja, akasoma. Akasoma tena.

"Baba yako iko wapi sasa?"

Nikaonyesha tulikotoka. Akatazama huko, akatazama simu yake, akaguna. Niliona hakutaka kupiga. Watu wote walikuwa wanatoka, na karatasi ya mtoto huyu inarudi. Akanigeuzia mkoba kuona kama kuna namba nyingine, akakung'uta mifuko yote saba. Hakuna. Basi akapiga.

Saa mbili nzima nilikaa nikitazama njia, na katika saa mbili zile ile milio ya bondeni iliacha kuwa mbali. Watoto wawili walichukuliwa na mama zao. Tukabaki tisa. Nilihesabu watoto, nikahesabu nguzo za turubai, nikahesabu mara ya pili, na kila nilipofika mwisho niliona jambo ambalo sikuwa nimelihesabu: njia anayokuja Baba, ikiwa anakuja, ndiyo ile wanayokimbia watu wote hawa. Na ni mimi niliyeiandika. Nilitamani kuirudisha ile karatasi mkononi mwangu ikiwa tupu.

Baba alikuja amepakiwa nyuma ya pikipiki, amelowa, futi bado shingoni, tondoo ya kukinga sindano bado kidoleni. Aliteremka kabla haijasimama. Alinishika mabega, akanigeuza mbele na nyuma, kama anavyokagua nguo kabla ya kuikunja. Kisha akapewa kikaratasi, akakisoma, na uso wake ukanywea.

"Sifa. Nilisema uandike Tanti."

"Ndiyo, Baba."

"Ulisahau?"

Alikuwa akinipa uongo ulio tayari, uliokatwa na kushonwa, nivae tu. Sijui kwa nini niliukataa.

"Sikusahau. Mwenye nguo ndiye anaandikwa. Minye si wa Tanti."

Mwanamke wa kizibao aliangalia pembeni.

"Na wadogo zako?"

"Wale uliwapa weye mwenyewe."

Baba akakaa chini, pale pale kwenye matope, mtu ambaye hakuwahi kukaa bila kutandika kitu. Alivua tondoo kidoleni, akaivaa tena. Aliponijibu, alinijibu kwa sauti ile ndogo ya wakubwa, lakini safari hii ilikuwa imeelekezwa kwangu.

"Jina ya Tanti ni ya kupigia simu tu, mama. Mukipotea. Watoto hawatolewe. Hata kama nyumba inaungua, watoto hawatolewe. Minye nilifikiri unajua."

Sikujua. Nilitamani kumwambia mambo mengi, lakini mwenye pikipiki alikuwa akipiga kelele kwamba kama fundi anarudi, arudi sasa. Baba akasimama. Akaniambia atanivusha mpaka kwa Mama, halafu atarudi mara moja, nguo ziko kwenye rafu, mlango hajaufunga. Siku mbili. Nikatikisa kichwa. Siku moja. Nikatikisa. Basi kesho asubuhi, afunge mlango tu, gauni la yule msichana wa Nyakabere liko juu ya meza. Nimebishana na watu wengi tangu siku ile, na sijawahi tena kubishana bila kutaja kiasi changu. Nilizungusha mkanda wa mkoba kiunoni kwake, mkanda ule mrefu wa kuvaa begani, nikaufunga fundo kwangu, nikakaza.

Alilitazama lile fundo. Angeweza kulifungua kwa kidole kimoja. Akamwambia mwenye pikipiki, akifika Kilibula amwombe Mama Zawadi amvutie mlango. Yule kijana akacheka bila furaha, akasema hata yeye harudi.

Tulivuka tumefungwa hivyo. Mama tulimkuta upande wa pili, kando ya barabara, amekataa kusogea hata hatua moja, Bahati na Neema wamekalishwa juu ya mzigo. Baba akamwambia mtoto alisahau mstari mmoja kwenye karatasi. Mama akasema Mungu asifiwe kwa kusahau huko. Baba akasema ndiyo. Hakunitazama, na hakulisema vingine mpaka leo.

Jioni ile njia ya Kilibula ilifungwa, ikabaki imefungwa siku kumi na moja. Tuliporudi baada ya wiki nyingi, baraza lilikuwepo na bati lilikuwepo. Mashini haikuwepo, rafu haikuwepo, nguo kumi na tisa hazikuwepo, na mlango ambao Baba hakuufunga ulikuwa umeondoka na fremu yake. Jirani yetu muuza mafuta ya taa, aliyebaki kulinda duka lake, alikuwa amezikwa nyuma ya duka hilo. Baba alikwenda kusimama pale peke yake. Aliporudi, alininawisha mikono, mimi niliye mkubwa, kama anavyonawishwa mtoto mdogo, akaenda kuazima mashini.

Kisha wenye nguo wakaanza kuja. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko milio. Mmoja mmoja, wakiulizia. Baba alisimama kwa kila mmoja, akasema imepotea, imepotea mikononi mwangu. Wengine walielewa. Wengine walikumbusha kwamba yeye ndiye aliyeapa mbele ya mtaa kwamba habanduki mpaka nguo ya mwisho ichukuliwe, na kumbe alikimbia kama wengine, tena bila kufunga mlango. Mimi nilikaa kwenye kigoda changu na kalamu, nikisikia, nikingoja aseme kwamba ni huyu hapa, ni karatasi ya huyu. Kila alipovuta pumzi nilidhani inakuja.

Wa mwisho kuja alikuwa Furaha wa Nyakabere. Alikuwa amekwisha kuolewa, kwa gauni la kuazima lililombana makwapani. Alitueleza mwenyewe, bila ukali, jinsi alivyokaa siku yake nzima bila kuinua mikono, hata kucheza hakucheza. Akatazama pale ilipokuwa rafu.

"Fundi, ulisema unabaki. Nini ilikushinda kungoja?"

Baba alikuwa na chaki mkononi. Aliizungusha.

"Mutoto," akasema.

Furaha akanitazama pale nilipokaa. Alinitazama toka kichwani mpaka miguuni. Kisha akaweka kikapu chake chini, akasogea mbele ya Baba, akainua mikono yote miwili juu apimwe. Baba akavua futi shingoni. Nilichukua kikaratasi kipya, nikaandika jina lake, na Baba akaanza kunisomea. Bega, kama zamani. Kifua, kimeongezeka kidogo. Kiuno nilimwomba Baba anisomee mara mbili, na mara ya pili Furaha akacheka, akaweka kiganja tumboni, akamwambia Baba aache nafasi.